Swynnerton alilijua shamba, nyika ikampita

Kila nifikapo soko la mifugo la Garissa, nikaona ng'ombe waliosafirishwa kutoka pande za mpakani wakipakiwa kwenye malori ya kwenda kusini, humkumbuka mtu ambaye jina lake halitajwi kamwe sokoni hapo. Mtu huyo ni Roger Swynnerton, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni. Nyeri na Meru wanamkumbuka kwa mpango uliobeba jina lake. Sisi wa Kaskazini Mashariki tunamjua kwa pengo alilotuachia.

Alizaliwa mwaka 1911 katika Rhodesia Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Baba yake, Charles, alikuwa bingwa wa mambo ya wanyamapori na mbung'o nchini Tanganyika. Kijana alisomea Cambridge na Trinidad, kisha akaajiriwa Tanganyika mwaka 1934. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro aliwakuta Wachaga wakilima kahawa katika vihamba vyao na kuiuza kwa njia ya ushirika. Hapo alipata funzo la maisha yake: mkulima mdogo si mzembe, mpe hakika ya ardhi na soko, naye atazalisha.

Mwaka 1951 alihamia Kenya, na mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, mpango wake ukachapishwa. Uingereza ilitoa pauni milioni 5 kuutekeleza. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika viliunganishwa, hati zikatolewa, na Waafrika wengi wakafunguliwa mlango wa kulima kahawa, zao ambalo walowezi walikuwa wamelihodhi. Mwandishi wake alipanda cheo hadi Mkurugenzi wa Kilimo mwaka 1956, na baadaye Katibu wa Kudumu.

Sitamnyima haki yake. Familia nyingi za nyanda za juu zilisomesha watoto kwa kahawa ile. Lakini pia sitasahau kwamba mpango huo ulikuwa silaha ya kisiasa, na kwamba ardhi iligawanywa huku maelfu ya wenyewe wakiwa kizuizini.

Je, mfugaji alipata nini? Kwa nyanda kavu, mpango ulipendekeza maji, minada na kupunguza mifugo ilingane na malisho. Maji na minada ni mambo mema. Kosa lilikuwa kumpima mfugaji kwa pishi ya mkulima. Huku kwetu mvua za gu na deyr hunyesha hapa zikaruka pale. Mwenye ekari zake na hati yake mfukoni aweza kufa njaa akizitazama. Usalama wa mfugaji ni njia ya kuhama, na haki ya kunywesha mifugo kwenye kisima cha jirani, naye jirani apate haki hiyo kwake mwakani.

Wala lawama si ya Mwingereza peke yake. Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965, uliotolewa na serikali yetu wenyewe, ulielekeza fedha kwenye maeneo yenye rutuba na mvua. Wakati huo Kaskazini Mashariki ilikuwa katika vita vya Shifta. Aliyekuwa nacho akaongezewa.

Swynnerton alifariki mwaka 2000. Miaka 10 baadaye, Katiba mpya ikaitambua ardhi ya jamii, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2016. Hata hivyo, kati ya mwaka 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, mizoga ya mifugo ilitapakaa nyikani.

Kwa hiyo nasema: viongozi wa leo wasajili ardhi hii kwa jina la jamii, na wazilinde njia za kuhama kabla hazijazibwa kwa nyua na majengo. Waige pia jambo moja la afisa yule. Kule Kilimanjaro aliwatazama watu kwanza, ndipo akashika kalamu. Nyika ingali inamngoja atakayefanya vivyo hivyo.