William Salter Price na Makazi ya Frere Town

Jina la Kengeleni hutajwa kila siku na wasafiri wavukao kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda Kisauni na Mkomani. Asili yake ni kengele ya Frere Town, makazi yaliyoasisiwa na William Salter Price, mmishenari Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1826 na kufariki mwaka 1911.

Kabla ya kufika Afrika, Price alifanya kazi miaka mingi magharibi mwa India chini ya Church Missionary Society. Huko Nashik alianzisha kijiji cha Sharanpur, ambamo watoto wa Kiafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa walifundishwa kusoma, uhunzi na useremala. Katika waliolelewa India kwa njia hiyo walikuwamo William Jones, Ishmael Semler na George David, ambao baadaye walihudumu Rabai na Mombasa. Watu wa pwani waliwaita Wabombei.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Swali likazuka: waliookolewa wangewekwa wapi? Price aliwasili Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, na mwaka uliofuata akanunua ardhi upande wa bara unaotazamana na mji, si mbali na kaburi la Rosine, mke wa Krapf, aliyefariki mwaka 1844. Makazi hayo yalipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuwa Gavana wa Bombay. Mwaka 1875 manowari ya Thetis ikateremsha kundi kubwa la watumwa waliookolewa, ambao waliitwa mateka.

Mradi wa Price ulikuwa kuwafanya mateka wajitegemee. Walipewa viwanja vya kulima, watoto wakaingia shule, na Wabombei wakawa walimu, mafundi na wakalimani. Hata hivyo Frere Town haikuweza kuishi peke yake. Ilihitaji bidhaa na amani ya Mombasa, ilhali utajiri wa wakubwa wengi wa mji ulitokana na mashamba yaliyolimwa na watumwa. Kila mtoro aliyepokewa misheni alikuwa hasara kwa bwana fulani ng'ambo ya maji. Ujirani huo ukawa wa mashaka. Mwaka 1880 wenye watumwa walitishia kuyavamia makazi, na kazi moja ya kengele ilikuwa kuwatahadharisha wenyeji hatari inapokaribia.

Hatari nyingine ilitoka ndani. Price aliondoka mwaka 1876, na miaka michache baadaye zikasikika habari za watu kupigwa viboko na kufungwa na wasimamizi wa makazi yenyewe. Mahali palipojengwa kwa ajili ya uhuru palikuwa panaendeshwa kwa mjeledi. Price alirudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 ili kurekebisha mambo.

Alirejea mara ya tatu mwaka 1888, wakati suala la watoro lilipofikia kilele. Mamia yao walikuwa wamejificha Rabai, chini ya uangalizi wa William Jones, na mabwana wao walidai warudishwe. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alikubali mabwana walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Vita viliepukika, lakini fidia ilimfikia bwana, si yule aliyefanyishwa kazi bila ujira.

Kazi ya Price ina sura mbili. Mateka walipata elimu na ufundi, lakini hati ya ardhi waliyoilima ilibaki mikononi mwa misheni. Kwa upande mwingine, elimu ya Frere Town ilizaa matunda mapana. Shule ya uchungaji iliyoanzishwa hapo mwaka 1903 ilihamia Limuru mwaka 1930, nayo leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Katika fasihi ya Kiswahili, ni jamii hiyo iliyomtoa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Msomaji wa kitabu hicho hana budi kuikumbuka historia hii, kwani sifa ambazo Mbotela anawamiminia wakombozi zina chimbuko lake katika makazi haya, na kimya chake kuhusu ardhi na mjeledi kinastahili kuchunguzwa vivyo hivyo.