Masomo 12 kwa Siku Moja: Nilichojifunza kwa Imam Nawawi



Mwaka jana, nikiwa mwaka wa pili wa udaktari, siku zangu zilikuwa zinapita tu. Naamka, naenda darasani, narudi chumbani kwangu Buyenzi, simu mkononi mpaka usiku wa manane. Ungeniuliza leo nimeishi kwa ajili ya nini, nisingekuwa na jibu. Ndipo nikaanza kusoma maisha ya Imam Nawawi, Allah amrehemu.

Alizaliwa Nawa, kusini mwa Damascus, mwaka 631 Hijria (1233). Baba yake alimweka dukani, lakini kuuza na kununua hakukumsahaulisha Qur'ani. Mwaka 649 alipelekwa Damascus, akakaa katika chumba cha madrasa ya Rawahiyya. Kila siku alisoma masomo 12 kwa masheikh wake: fiqhi, hadithi, nahau, sarufi, usuli. Hata njiani alikuwa akidurusu. Alikula mara moja tu kwa siku, baada ya Isha.

Kisa kimoja kilinishtua. Aliwahi kununua Qanuni ya Ibn Sina ili asome tiba. Moyo wake ukaingia giza, akakaa siku kadhaa hawezi kufanya lolote. Alipojichunguza akaona sababu ni kile kitabu, akakiuza, na nuru ikamrudia.

Mimi msomea tiba nifanyeje? Lakini Imam huyohuyo aliandika kwamba tiba ni fardhi kifaya. Kumbe elimu ile haikuwa na ubaya. Haikuwa njia yake tu, naye alikuwa na ujasiri wa kujichunguza. Nami nikajichunguza. Nilichokikuta kinatia aibu: nilikuwa nasomea jina la daktari na gari, wala mgonjwa hakuwemo.

Mwaka 665 alikabidhiwa Darul Hadith Ashrafiyya, na hakula mshahara wake. Alimwandikia Sultani Baybars kuwatetea watu wa Damascus waliotaka kunyang'anywa mashamba yao. Alituachia Riyadhu Salihina, sherehe ya Sahihi Muslim, na Minhaj, ambayo masheikh wetu wa Kishafii wanaisomesha mpaka leo. Majmuu hakuimaliza. Alifariki mwaka 676 (1277), umri wake miaka 45 tu kwa hesabu ya Hijria.

Arbaini yake aliifungua kwa hadithi ya nia, nami nimeanzia hapo. Kila siku baada ya Alfajiri, kabla sijagusa simu, najiuliza: somo la leo litamfaa mgonjwa gani? Kisha naweka nia. Zipo siku ninateleza, jioni natubu, kesho naanza upya.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe unasomea nini? Jiulize kesho asubuhi. Allah azitakase nia zetu na atubarikie siku zetu. Amin.