Padre Matteo Ricci, mgeni aliyekubali kuwa mwanafunzi



Wawili kati yetu hapa parokiani wamepata nafasi ya kwenda kusoma China, na swali lao ni moja: kule nitaishije Ukatoliki wangu bila kuwadharau wenyeji, na bila kujipoteza mwenyewe? Mimi huwa nawatajia Padre Matteo Ricci.

Alizaliwa Macerata, Italia, tarehe 6 Oktoba 1552. Baba yake alimtuma Roma asome sheria, yeye mwaka 1571 akaingia Shirika la Yesu. Alifundishwa hesabu na Padre Clavius, mmoja wa waliotengeneza kalenda tunayoitumia leo. Mwaka 1578 akapanda meli Lisbon, wakapitia Msumbiji hadi Goa, akapadrishwa Cochin mwaka 1580, na Agosti 1582 akafika Macau.

Yaani alifika mlangoni tu. China haikupokea wageni hivi hivi. Akakaa chini akajifunza Kichina, herufi kwa herufi, na mwaka 1583 yeye na Padre Michele Ruggieri wakaruhusiwa kuishi Zhaoqing, si mbali na Guangzhou ile wanakofuata mzigo wafanyabiashara wetu. Wakanyoa vichwa na kuvaa kama watawa wa Kibudha, wakidhani ndiyo heshima ya mtu wa dini. Baada ya miaka kama kumi na miwili hivi, Ricci akaelewa kwamba wenye kusikilizwa kule ni wasomi wa vitabu vya Confucius. Mwaka 1595 akafuga nywele na ndevu, akavaa joho la hariri la wasomi. Wapo wanaosema huko ni kujipendekeza. Mimi sikubali, kwa sababu vitabu vile alivisoma kweli, vingine kwa kichwa.

Ramani yake ya dunia napenda zaidi. Aliichora kwa Kichina, na China akaiweka karibu na katikati. Hakudanganya mtu: dunia ni mviringo, pa kuanzia unachagua mwenyewe. Na kitabu cha kwanza alichotunga peke yake kwa Kichina kilihusu urafiki.

Msidhani alipokelewa kwa maua. Nyumba yake ilipigwa mawe, mwaka 1589 akafukuzwa Zhaoqing, halafu huko Shaozhou wakavamiwa usiku. Akaruka dirishani, akaumia mguu na kubaki akichechemea. Njiani kwenda Beijing ofisa mmoja alikuta msalaba kwenye mizigo yake, akadhani ni uchawi wa kumuua mfalme. Hebu fikiria kueleza Mateso ya Bwana katika hali hiyo, kwa lugha ya kujifunza ukubwani.

Alifika Beijing tarehe 24 Januari 1601, akiwa na zawadi za saa za kugonga na kinanda. Mfalme Wanli alizipenda saa, kwa hiyo Wajesuiti wakaruhusiwa kuingia ikulu kuzitunza. Mfalme mwenyewe Ricci hakumwona hata siku moja. Aliinama mbele ya kiti kitupu. Rafiki yake Xu Guangqi, msomi aliyebatizwa mwaka 1603 kwa jina la Paulo, alishirikiana naye kutafsiri vitabu sita vya kwanza vya hesabu za Euclid, vikatoka mwaka 1607.

Sasa lile gumu, ambalo hata sisi Waafrika linatugusa. Ricci aliona kwamba Wachina wakiinama mbele ya wazee wao waliofariki, wanatoa heshima ya mtoto kwa mzazi, hawaabudu. Baada ya kifo chake ubishi ukawa mkubwa, Kanisa likakataza, na mwaka 1939, wakati wa Papa Pius XII, likaruhusu. Nadhani aliona sawasawa. Lakini angalia: alisema hivyo baada ya miaka ya kuishi nao na kusoma vitabu vyao, siyo baada ya wiki mbili za kupiga picha.

Alifariki Beijing tarehe 11 Mei 1610, akiwa na miaka 57. Mfalme alitoa kiwanja azikwe Beijing, jambo ambalo wageni hawakulizoea. Desemba 2022 Papa Fransisko alitambua fadhila zake za kishujaa. Kaburi lipo mpaka leo, ndani ya eneo la chuo cha chama tawala. Ninyi wawili mkienda, jina la kumwulizia ni Li Madou, na mwombe ruhusa getini kwanza.