Charles Pereira, aliyepima mito ya Kericho

Jina la Sir Charles Pereira, aliyefariki mwaka 2004, halitajwi sana Merigi wala kwingineko Bomet, ingawa swali alilolichunguza linawahusu wakazi wa huko kila masika: je, msitu ukifyekwa, mto utafurika?

Alizaliwa London mwaka 1913 na kusomea Chuo Kikuu cha London. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, alivyopigana katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, alikuja Kenya kufanya utafiti wa kahawa, kisha akahamia kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki huko Muguga.

Katika nchi za baridi, ghala la maji ni theluji. Hulala ardhini miezi mingi, na ikiyeyuka ghafla huku mvua ikinyesha, mito huvunja kingo, kama ilivyotokea Uingereza Machi 1947. Kericho haina theluji. Barafu yake ni mvua ya mawe, adui wa mkulima wa chai, nayo huyeyuka papo hapo. Ghala la huku ni udongo: ukiwa laini huyameza maji na kuyatoa polepole hata kiangazi; ukishindiliwa, yote huporomoka mtoni kwa siku moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mashamba ya chai yalipokuwa yakipanuliwa kuingia msitu wa Mau, Pereira hakuridhika na mabishano ya mdomo. Yalichaguliwa mabonde mawili jirani. Sehemu ya bonde la Sambret ilifyekwa ikapandwa chai. Lagan likaachwa msitu. Mvua ikapimwa, na maji ya kila kijito vilevile, kwa miaka mingi hata baada ya yeye kuondoka Muguga mwaka 1961.

Miche ilipokuwa michanga, mvua kubwa zilishusha maji mengi kwa kasi. Chai ilipokomaa na kuifunika ardhi, kijito hakikukauka, na maji yake ya mwaka hayakutofautiana sana na ya msituni. Lakini shamba lile lilikuwa na mitaro na makinga maji yaliyotunzwa. Anayeyageuza matokeo hayo kuwa idhini ya kulima mahindi mteremkoni bila matuta hakuyasoma vizuri.

Pereira alirejea Uingereza, akawa mwanasayansi mkuu wa wizara ya kilimo, na mwaka 1977 akatunukiwa cheo cha Sir. Sambret na Lagan yangali yakifundishwa vyuoni.