Sista Elisabeth Fedde (1850–1921), Mtumishi wa Wahamiaji wa Brooklyn

Sista Elisabeth Fedde alizaliwa tarehe 25 Desemba 1850 katika kijiji cha Feda, karibu na mji wa Flekkefjord, kusini mwa Norwe. Mwaka 1873, baada ya kufiwa na wazazi wake, alipokelewa katika mji wa Christiania ambao leo huitwa Oslo. Hapo palikuwa na nyumba ya masista wa diakonia iliyoanzishwa mwaka 1868 chini ya uongozi wa Cathinka Guldberg. Guldberg alikuwa amefunzwa Kaiserswerth, Ujerumani, ambako Mchungaji Theodor Fliedner alianzisha kazi ya namna hiyo mwaka 1836. Elisabeth alijifunza uuguzi na maisha ya sala, kisha akatumwa Tromsø, kaskazini ya mbali, alikohudumia wagonjwa kwa miaka minne.

Siku ya Krismasi mwaka 1882, alipotimiza miaka 32, alipata barua kutoka Marekani. Shemeji yake, Gabriel Fedde, aliyekuwa akiishi Brooklyn, alimwomba aje kuanzisha huduma kwa mabaharia na wahamiaji wa Kinorwe.

Haja ilikuwa kubwa. Kati ya mwaka 1825 na 1925 zaidi ya watu 800,000 walihama Norwe kwenda Amerika. Wengi walipita New York wakielekea kwenye mashamba ya Minnesota na majimbo ya jirani. Waliobaki mjini walikuwa mabaharia, mafundi wa meli na wasichana wa kazi za ndani, nao walikusanyika Red Hook, kando ya gati za Brooklyn. Baharia aliyeiacha meli yake ili atafute ujira mzuri zaidi hakuwa na jamaa wa kumwuguza alipovunjika mguu. Mjane hakuijua lugha ya ofisi, wala hakujua mlango wa kubisha. Walikuwa na kanisa la mabaharia la kusali kwa lugha yao, lakini mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani hakufika kanisani.

Sista Elisabeth aliwasili New York tarehe 9 Aprili 1883. Siku kumi baadaye kiliundwa chama cha hiari cha kuwasaidia wagonjwa na maskini wa Kinorwe wa New York na Brooklyn. Miongoni mwa waliomwunga mkono alikuwepo Anna Børs, mke wa konseli wa Sweden na Norwe, nchi ambazo wakati huo zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Alianza katika vyumba vidogo karibu na kanisa la mabaharia. Kila siku alipanda ngazi za nyumba za kupanga, akiosha wagonjwa, akipika uji, akitafutia watoto nguo na wasichana kazi. Alivuka pia hadi Kisiwa cha Ward, kwenye hospitali walikolazwa wahamiaji wasio na fedha na wale waliorukwa na akili. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni, na uchovu wake aliuandika katika shajara yake pamoja na habari za wagonjwa.

Mwaka 1885 ilifunguliwa nyumba ya masista pamoja na hospitali ndogo yenye vitanda tisa. Miaka michache baadaye kazi ilihamia kwenye jengo kubwa zaidi katika Barabara ya Nne na Mtaa wa 46, eneo ambalo baadaye liliitwa Sunset Park. Wasichana walifunzwa uuguzi, na gari la wagonjwa la kukokotwa na farasi likaanza kazi. Hapo ndipo huduma ilipopanuka kuliko nia ya kwanza. Chama kiliundwa kwa ajili ya Wanorwe, lakini anayeangushwa na mzigo bandarini hawezi kuulizwa kwanza kabila lake, na mlango uliofunguliwa kwa ndugu ukawa mlango wa mtaa mzima. Aidha, mwaka 1888 Sista Elisabeth alikwenda Minneapolis kusaidia kuanzisha nyumba ya masista huko.

Mwaka 1895, akiwa amechoka mwili, alirudi Norwe. Mwaka uliofuata aliolewa na Ola Slettebø, wakaishi shambani. Alifariki tarehe 25 Februari 1921.

Mtaa alioutumikia haukubaki kama alivyouacha. Wanorwe walisogea kusini kufuata kazi za bandari, na Barabara ya Nane ya Brooklyn ikapewa jina la utani la lapskaus, mchuzi mzito wa nyama na viazi wa kwao. Mwaka 1941 barabara ya magari ilijengwa juu ya Barabara ya Tatu, nyumba na maduka yakabomolewa. Baada ya Vita Kuu ya Pili watoto wa wahamiaji wengi walihamia vitongojini. Watu wa Puerto Rico wakaingia, na tangu miaka ya 1980 Wachina wakaifanya Barabara ya Nane kuwa yao.

Hospitali ingeweza kuwafuata waliohama. Ilibaki. Mwaka 1956 iliungana na Hospitali ya Kilutheri ya Manhattan, na mwaka 1977 ikahamia katika jengo lililokuwa kiwanda, umbali mfupi tu kutoka pale ilipokuwa, ikiwahudumia wageni wapya wa mtaa uleule. Mwaka 2015 ilijiunga na NYU Langone, na baadaye jina la Kilutheri likaondolewa mlangoni. Hata hivyo wagonjwa wanaendelea kuingia, wengi wao wakiwa wazaliwa wa nchi nyingine, kama walivyokuwa wale wa kwanza.

Walutheri wa Marekani humkumbuka Sista Elisabeth katika kalenda yao kila tarehe 25 Februari. Usharika wa mjini unaotimiza miaka 100 nao umeona mengi ya namna hiyo: walioujenga walisalimiana kwa lugha za vijijini kwao, wajukuu wao wamehamia mitaa ya mbali, na kwenye viti vyao wameketi wageni. Sista Elisabeth aliitwa na watu wa kwao, akawahudumia kwa lugha yao bila kuona haya. Lakini kazi hiyo ilidumu kwa sababu, watu wa kwao walipoondoka, mlango haukufungwa.