Joy Adamson: Mchoraji wa sura za Wakenya aliyefunikwa na sifa za simba

JINA la Joy Adamson linapotajwa, wengi humkumbuka Elsa, simba jike yatima aliyelelewa naye na kurudishwa porini. Ni wachache wanaojua kwamba kabla ya Elsa alikuwa tayari amechora mamia ya picha za Wakenya.

Alizaliwa Januari 20, 1910 mjini Troppau, ambao leo unaitwa Opava, katika Jamhuri ya Czech. Wazazi walimwita Friederike Viktoria Gessner. Alifika Kenya mwaka wa 1937, na mumewe wa pili, mtaalamu wa mimea Peter Bally, ndiye aliyembandika jina Joy na kumhimiza achore maua. Mwaka wa 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila mbalimbali wakiwa wamevalia mavazi ya jadi, kabla mavazi hayo hayajatoweka. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, na picha hizo zikazaa kitabu chake cha mwaka wa 1967 kuhusu watu wa Kenya.

Lakini hapo ndipo penye utata. Wakati Bi Adamson akiwachora wazee wenye shanga na ngozi, wana wao walikuwa Kaloleni, Ziwani na Shauri Moyo, wakivaa suruali na koti na kwenda kazini kila asubuhi. Wakenya hao wa Eastlands hawakuwa katika kazi aliyoagizwa. Serikali iliyotaka sura za jadi zihifadhiwe ndiyo iliyoizingira mitaa hiyo Aprili 1954 katika Operesheni Anvil, ikawasomba maelfu ya wanaume hadi kambi za Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road.

Hata hivyo, si haki kumbebesha mchoraji lawama zote. Bila brashi yake, mapambo mengi yangepotea kabisa.

Mapato ya vitabu vya Elsa aliyaelekeza katika uhifadhi, na hazina aliyoanzisha ilisaidia vilabu vya wanafunzi vya wanyamapori, vilivyoanza nchini mwaka wa 1968.

Aliuawa Shaba Januari 3, 1980, siku 17 kabla ya kutimiza miaka 70. Kwanza ilisemekana ameshambuliwa na simba. Uchunguzi ulionyesha alidungwa kisu, na aliyekuwa mfanyakazi wake akahukumiwa.