Mifupa Chini ya Nyumba

Sisi wazazi tukiwa na mtoto mkimya tunashukuru. Ati hasumbui. Jeffrey Dahmer alikuwa mtoto wa namna hiyo.

Alizaliwa Milwaukee, Marekani, mwaka wa 1960. Kabla ya kufikisha miaka minne alifanyiwa upasuaji wa henia, na babake anakumbuka kwamba tangu hapo uchangamfu wake ulipungua. Mamake aliugua mara kwa mara. Babake, mwanakemia, alishinda maabara. Walipohamia Bath, jimbo la Ohio, mtoto alianza kuokota wanyama waliogongwa na magari na kuweka mifupa yao. Babake akafurahi, hata akamfunza kuisafisha kwa dawa. Alidhani analea mwanasayansi!

Akiwa na miaka 14 hivi alianza kwenda shule na pombe ndani ya koti. Wenzake waliinusa. Kwao alikuwa kichekesho tu.

Halafu ikaja 1978. Wazazi wanatalikiana, baba ameshahama, mama anaondoka na mdogo wake. Jeffrey, miaka 18, ndiyo tu amemaliza sekondari, anabaki peke yake kwenye nyumba ile. Mwezi wa Juni akampa lifti kijana mmoja, akamleta nyumbani, akamuua. Polisi walimsimamisha usiku akiwa na mwili kwenye mifuko ndani ya gari. Waliuliza ni nini. Akasema ni takataka, wakamwandikia faini ya kuendesha vibaya.

Watoto wengi hupitia talaka na upweke na hawaui mtu, kwa hivyo simtwiki mzazi damu ile. Lakini kila aliyeona dalili alikuwa na maelezo mepesi ya kujiridhisha nayo. Hata Mei 1991, wanawake weusi wa mtaa wake kule Milwaukee walipopigia polisi simu kuhusu mvulana wa miaka 14 aliyekuwa uchi barabarani, polisi walimrudisha kwa Dahmer. Walimwamini yeye, wanawake wakapuuzwa. Mvulana aliuawa usiku huo, na wengine wanne wakafuata kabla hajakamatwa Julai. Jumla ni 17.

Mei 1994 mhubiri mmoja alimbatiza gerezani. Wakristo wengi walikasirika. Mhubiri aliendelea kwenda kila wiki kusoma naye Biblia, mpaka Novemba, mfungwa mwenzake alipomuua.